Nangila na Barua Tatu za Chifu

Muulize Nangila kazi yake na atakujibu haraka: kuchambua waru, yaani viazi. Muulize umri, thelathini na nne. Muulize anakaa wapi, na hapo mtu mzima anaanza kuangalia viatu vyake.

Si ati anaficha. Hajui. Nimemsikiliza nikirudia swali kwa njia nne na sasa hata mimi sijui, kwa hivyo kama ulikuja hapa kutafuta jibu, rudi ulikotoka mapema.

Wacha nikuonyeshe shida iko wapi. Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi kama kuna mzigo, Nangila analala Mau Narok, kwa chumba cha mbao nyuma ya mashine ya kusaga unga. Mumewe Waithaka anachoma nyama Kikopey, ile ya barabarani karibu na Gilgil, na analala huko huko nyuma ya bucha na wachomaji wengine. Mtoto wao Nyokabi, miaka tisa, anasoma Sachangwan na anakaa na mamake Nangila. Nyokabi anamwita kukhu. Kukhu anauza karoti kando ya barabara, hatua ishirini kutoka mlango wake, kwa hivyo yeye ndiye mtu pekee katika hiyo familia ambaye akitoka kazini anafika nyumbani kabla chai ipoe.

Halafu sasa kuna nyumba. Nyumba yenyewe, ile ya kabati na kitanda kikubwa na TV na picha ya harusi, iko Kaptembwa, Nakuru. Ndani hakuna mtu. Wanakutana hapo Jumapili moja katika tatu, Waithaka akipata ruhusa. Kwa nini Kaptembwa? Kwa sababu ukitoka Mau Narok unapitia Nakuru, ukitoka Kikopey unapitia Nakuru, ukitoka Sachangwan unapitia Nakuru. Wanalipia chumba mahali ambapo njia zao zinagongana.

Watu wanapenda kusema mwanamke wa huku kwetu hufanya kazi karibu na nyumbani na mwanaume ndiye huenda mbali. Sawa. Nyumbani gani?

Sasa kazi. Mau Narok kazi ya waru imegawanywa na hakuna mtu anakumbuka aliyeigawanya. Wanaume wanachimba na wanapakia lori. Wanawake wanaokota na wanachambua. Mwanaume akionekana anachambua ataulizwa kama mgongo unamsumbua. Mwanamke akibeba gunia anaambiwa wacha, utaumia, halafu jioni huyo huyo anabeba mtungi wa lita ishirini kupanda mlima na hakuna anayesema kitu.

Nangila amechambua miaka sita. Anaokota waru, anaizungusha mara moja kwa kiganja, na anajua: hii ya soko, hii ya mbegu, hii imeanza kijani, hii inaonekana poa lakini moyo umeoza. Hajui kueleza anajuaje. Wanawake kumi na wanane wanakaa kwa laini na wakibishana juu ya waru wanamrushia yeye. Kwa kazi hiyo ya kurushiwa hakuwahi kulipwa chochote. Ni kibarua kama wengine. Kuna mzigo, kuna pesa jioni. Hakuna mzigo, rudi ulale.

Mwaka huu familia moja ya Wahindi wa Nakuru ilijenga stoo baridi hapo, ya kuweka waru mpaka bei ipande. Kwa baraza walikubaliana na wenyeji: kazi za kudumu ni kumi, na saba lazima ziende kwa wakaazi wa hapo. Foklifti, mizani, fundi wa mashine, walinzi, zote zilijaa wanaume kabla gundi ya tangazo ikauke. Ikabaki moja, na ilikuwa kwa zile saba. Mkuu wa kuchambua. Mshahara kila mwezi, mzigo uwe au usiwe, likizo, na bima ya hospitali.

Laini yote iligeuka ikamwangalia Nangila. Hata yeye alijiangalia.

Tangazo lilitaka kitambulisho na barua ya chifu ya kuonyesha wewe ni mkaazi. Pale getini, Kipkemei alikuwa ameshafika na yake mfukoni. Kipkemei ni mpakiaji, miaka ishirini na tatu, amezaliwa nyuma ya hiyo hiyo stoo, na barua yake ilitoka kabla hajamaliza kuomba.

"Mathe, hii ni yetu sisi wa hapa," akamwambia.

"Wewe umewahi kuchambua nini, Kipkemei? Ndengu?"

"Nitajifunza. Wewe utanifundisha."

"Na mimi nitakuwa wapi nikikufundisha?"

"Si hapo tu. Chini yangu."

Watu walicheka. Nangila pia alicheka, halafu njiani akaacha kucheka, kwa sababu aliona vile hiyo inaweza kufanyika kabisa. Kijana ambaye hawezi kutofautisha waru na jiwe atakaa juu ya laini na atakuwa anauliza "hii je, mathe?" kutwa nzima, na mwisho wa mwezi mshahara ni wake.

Hapo ndipo akafanya kosa lake. Na usimcheke, kwa sababu wewe pia ungelifanya. Huku kwetu karatasi bila mhuri ni ya kufungia njugu. Tumelelewa hivyo. Hujawahi kusikia mtu akirudishwa kwa sababu mihuri imezidi. Kwa hivyo Nangila akawaza: barua moja ni ya kuombea kazi. Barua tatu, nani atanikatalia?

Ya kwanza aliipata Mau Narok kwa naibu wa chifu, Kihara, ambaye kila mtu anamwita asista.

"Wewe nakuona kila siku," asista akasema. "Nilikuwa nadhani uko na shamba hapa."

Mhuri.

Jumamosi akaenda Sachangwan kumwona Nyokabi. Chifu wa huko alikuwa kwake anarekebisha ua, mhuri uko kwa gari. "Wewe si wa yule mzee aliyekuwa kiwanda cha mbao? Wewe ni mtoto wetu, mtoto wako anasoma hapa, mamako yuko hapa. Nikatae juu ya nini?"

Mhuri.

Jumatatu asubuhi akapanga foleni kwa chifu wa Kaptembwa na stakabadhi za kodi mkononi. Huyo hakumwangalia usoni hata. Aliangalia stakabadhi, akaandika mpangaji, mkaazi, mtu wa tabia njema.

Mhuri.

Kitu kinachonisumbua mimi ni hiki: hao watu watatu hakuna aliyedanganya. Soma hizo barua moja moja, zote ni kweli. Ziweke pamoja na stepla, vile Nangila aliziweka, na umepata uongo.

Stoo inasimamiwa na binti wa hiyo familia, Karishma, miaka ishirini na kitu, gamboti na shati la kazi, Kiswahili chake cha Nakuru kabisa. Jumatano akamwita Nangila ofisini.

"Kaa. Hii ni nini?"

"Ni barua, madam."

"Naona ni barua. Ni tatu. Huyu anasema unakaa hapa. Huyu anasema unakaa Kaptembwa. Huyu wa Sachangwan anasema uko huko tangu ukiwa mtoto. Wewe ni watu wangapi?"

"Mmoja."

"Sasa?"

"Niliona ukishuku moja, utaangalia ingine."

Karishma akaangalia dirishani kidogo ili asicheke. Kisha akawa mtu wa ofisi tena.

"Mimi najua kazi yako. Nimeona hiyo laini ikitembea ukiwa hapo, na nimeona ikiwa wewe uko kliniki. Lakini ile kamati ya baraza itaitisha hii faili. Wakiona Kaptembwa hapa ndani, watasema nachukua watu wa Nakuru nawavalisha gamboti."

"Na wewe madam unakaa wapi?"

Hakuwa anamchokoza. Alikuwa anatafuta mfano.

"Nakuru. Nakuja asubuhi, narudi jioni."

"Kwa hivyo unakaa Nakuru."

"Eeh."

"Lakini mchana wote uko hapa. Mimi usiku wote niko hapa na nakaa Nakuru pia?"

"Nangila, mimi siko kwa zile saba."

Akapigia asista, akaweka simu kwa sauti. "Asista, huyu Nangila anakaa hapa?"

"Anakaa, anakaa."

"Yuko na barua ya Kaptembwa."

Kwa simu kukasikika kiti kikivutwa.

"Hiyo mimi sikuambiwa," asista akasema. "Sasa mnaniweka wapi? Sikiza. Mimi nimetoka hapo katikati. Mama Kiptum wa Nyumba Kumi aende Jumapili aangalie kama kuna nyumba hapo. Akiandika iko, iko. Akiandika hakuna, mimi sitaki kujua."

Karishma akakata simu. "Umesikia. Jumatatu asubuhi nataka neno la Mama Kiptum. Kama hakuna, nachukua wa pili kwa orodha."

Wa pili alikuwa Kipkemei. Wa tatu hakukuwa.

Nangila akarudi kwa laini na swali moja kubwa: Mama Kiptum akija, ataangalia nini ndio ajue kuna nyumba? Laini ikasaidia, vile laini husaidia. Mmoja akasema pazia, nyumba ni pazia. Mwingine akasema mwanaume, nyumba bila mwanaume wataita chumba. Wa tatu akasema mtoto, mtoto ndiye anaonyesha, mwanaume anaweza kuwa wa kukopa. Chepkosgei, ambaye wanakaa bega kwa bega, akasema, "Lete vyote. Usimpe nafasi ya kuchagua."

Kwa hivyo Nangila akaamua kuhamisha nyumba. Kwa siku moja.

Kwanza akampigia Waithaka.

"Jumapili?" Waithaka akasema. "Unajua Jumapili hapa ni nini?"

"Najua."

"Gari zote za Nairobi ziko hapa. Ndio siku ya kazi yenyewe. Na si ile yangu ya ruhusa. Bosi atanifuta."

"Mwambie umefiwa."

"Na nani?"

"Chagua."

"Mimi siui mtu juu ya waru, Nangila."

"Si waru. Ni mshahara wa kila mwezi. Ni Kipkemei kuwa juu yangu akiniuliza viazi ni nini. Wewe njoo ukae kwa kiti, unywe chai, uonekane. Sikuombi kitu kingine."

Nyuma ya Waithaka shoka lilikuwa linapasua mbavu. Mwishowe akabadilishana na mchomaji mwenzake, Jumapili mbili kwa moja, bei ya wizi, na akakuja.

Ijumaa jioni Nangila akakimbia Kaptembwa. Alibeba pazia, vitambaa vya viti, vikombe sita, thamosi na picha ya harusi iliyofungwa kwa leso. TV aliiangalia akaiacha. Jumapili asubuhi chumba cha mbao kilikuwa kimekuwa sebule ndogo inayobanana.

Kukhu akafika na Nyokabi na mfuko wa karoti, akasimama mlangoni.

"Kwani hapa ndipo umekuwa ukilala? Mbona hukusema kuna baridi namna hii?"

"Mama, ingia. Leo wewe umezoea hii baridi."

Waithaka akafika na kilo tatu za mbavu kwa gazeti. Ilibidi Nangila aende kumchukua steji. Miaka sita, na huyo mwanaume hakuwa amewahi kufika. Sisemi ni mbaya. Jumapili yake moja katika tatu ilikuwa inaishia Kaptembwa, angefika huku lini? Lakini hebu fikiria unamwongoza mumeo njia ya kwenda kwake, unamwambia pinda hapo kwa mashine ya unga, na unaomba Mungu jirani asione ukimwonyesha.

Ndani akawapa masharti. "Nyokabi, ukitaka choo usiulize kiko wapi. Niangalie tu. Baba Nyokabi, keti hapo kama umekaa hapo siku zote."

"Nikae aje kama siku zote?"

"Legea."

Akalegea. Akaonekana kama mtu amelegezwa na daktari.

Mama Kiptum akaja baada ya kanisa, na kofia yake ya kanisa, na daftari. Ni mama wa miaka sitini na kitu, mfupi, wa maneno machache. Akasalimu wote kwa mkono. Akashika pazia.

"Nzuri. Bado iko na mikunjo ya kubebwa."

Kukhu akakohoa.

"Na huyu ndiye mzee?"

"Ni mimi," Waithaka akasema. "Habari ya kanisa, mama?"

"Nzuri, baba. Unafanya kazi wapi?"

"Kikopey."

"Unarudi kila siku?"

Waithaka akamwangalia Nangila. Nangila akaangalia picha ya harusi.

"Narudi," Waithaka akasema, "kuna siku narudi."

Mama Kiptum hakuandika kitu. Nangila akamwekea chai. Mama Kiptum akaonja, akaweka kikombe chini.

"Chai haina sukari, baba Nyokabi. Hebu niongezee."

Nangila akainuka.

"Mama, kaa. Nimemwambia mzee."

Sasa sikiza. Chumba ni futi kumi kwa kumi. Kuna kitanda, meza, jiko la gesi, beseni mbili zimepandana, rafu ya mikebe. Mahali pa kuficha sukari hapo si pengi. Waithaka akasimama kwa heshima zake zote, akafungua mkebe wa kwanza. Chumvi. Wa pili, majani chai. Wa tatu, misumari. Akaangalia nyuma ya thamosi. Akainua kitambaa cha meza. Nyokabi akataka kusaidia babake, akafungua mfuko wa kukhu, akatoa karoti.

"Huyu mtu anachoma nyama vizuri sana," kukhu akamwambia Mama Kiptum. "Hiyo ndiyo kazi yake."

"Naona," Mama Kiptum akasema. "Na wewe mama yetu, unajua sukari iko wapi?"

"Kwangu najua."

"Kwako ni wapi?"

"Sachang..." kukhu akaanza, akamalizia na kikohozi.

Waithaka alikuwa amebaki katikati ya chumba na misumari mkononi. Nangila anasema hapo aliona kazi ikitoka mlangoni ikienda kwa kina Kipkemei, akaona heri basi huyu mama anywe chai tamu. Hakuangalia hata. Akapeleka mkono nyuma chini ya kitanda, akavuta beseni ya nguo, akafunua sweta mbili, akatoa mkebe wa siagi. Sukari. Anaificha huko juu ya panya na juu ya jirani anayekopa.

Mama Kiptum akaweka vijiko viwili, akakoroga, akanywa yote. Akafungua daftari.

"Nimekuta watu wanne," akasema. "Anayekaa hapa ni mmoja."

Hakuna aliyeelewa. Waithaka akauliza, "Hiyo ni vizuri ama ni vibaya?"

"Naandika hivi. Nangila anakaa hapa, peke yake. Mume, mama na mtoto ni wageni. Niandike hivyo?"

"Wageni?" Waithaka akasema. "Mimi ni mume wake."

"Sijasema si mume."

"Lakini wageni, mama. Mimi na pete hii."

"Unataka niandike unakaa hapa?"

"Hapana, lakini..."

"Basi rudisha hiyo misumari mahali uliitoa."

Hakukumbuka ilikuwa mkebe gani.

Mama Kiptum akamgeukia Nangila na kungoja. Na hapo, kwa sababu moja sijaielewa na yeye hajaweza kunieleza, Nangila hakusema ndiyo haraka. Alikuwa amehamisha pazia, picha, mume, mama na mtoto kuja kuthibitisha iko nyumba, na sasa barua ingemsaidia tu ikisema hao wote hawamo. Aliangalia Nyokabi. Nyokabi alikuwa anakula karoti.

"Andika," akasema.

Mama Kiptum akaandika, akatia sahihi, kisha akakaa akala mbavu. Alisema zimechomwa vizuri. Nyokabi akauliza, "Kwa hivyo sisi tumekuja kutembea?" na kukhu akamwambia nyamaza ule.

Jumatatu Karishma akasoma ile karatasi mara mbili, akaziondoa zile barua za Kaptembwa na Sachangwan kwa faili, akamrudishia. Kisha akampa fomu ya kazi. Nangila ni mkuu wa kuchambua. Nakuambia mapema ili usihangaike: alipata. Lakini alikwama kwa fomu.

"Madam, hapa imeandikwa idadi ya watu wa nyumba. Nyumba gani?"

"Ile unakaa."

"Basi ni mmoja."

"Na wale walikuwa hapa jana?"

"Ni wageni. Imeandikwa."

Karishma akavuta fomu kwake. "Sasa ukiandika mmoja, bima itakuwa ya mtu mmoja. Mtoto hayuko."

"Na nikiandika watatu?"

"Kamati watasema hao wengine wawili wako wapi."

Wakakaa hapo, wawili, mmoja wa Milimani, Nakuru, na mwingine wa sijui wapi, wakiangalia kisanduku kidogo cha tarakimu moja. Mwishowe Karishma akasema bima ina ukurasa wake, majina ya mume na mtoto yaende huko, na kwa hicho kisanduku aandike mmoja. Kwa hivyo kwa karatasi moja Nangila hana mtu, na kwa karatasi ya chini yake ana mume na mtoto, na zote ziko kwa faili moja, na zote zina mhuri wa stoo.

Nje, Kipkemei alikuwa anapakia. "Sasa mathe, umekuwa wa hapa?"

"Muulize Mama Kiptum."

"Nimemuuliza. Ameniambia eti wewe uko hapa kuliko mimi. Mimi nimezaliwa hapa."

"Sukari kwenu iko wapi?"

Kipkemei akafikiria na gunia begani. "Sijui. Si mathe wa kwetu ndiye huwekaga."

Laini ilicheka mpaka waru zikaanguka. Nangila akawaambia waziokote, na hiyo ndiyo ilikuwa amri yake ya kwanza ya kulipwa.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne Waithaka alipewa ruhusa ya siku moja, kwa sababu bosi wake alikuwa ameona ile hasara yake ya Jumapili mbili akamhurumia. Akaenda Kaptembwa. Saa nne hivi akampigia Nangila kazini.

"Uko kwa laini?"

"Niko mbele ya laini. Sasa huwa nasimama."

"Sawa, mkubwa. Sukari iko wapi?"

"Kwa mkebe wa siagi, chini ya kitanda, kwa beseni ya..."

"Hiyo najua. Hiyo nitakufa nikijua. Nauliza hapa. Kaptembwa."

Nangila akasimama na waru mkononi. Aliona kabati, aliona rafu ya juu, aliona mahali thamosi ilikuwa kabla hajaibeba. Akajaribu kuona sukari. Laini yote ilikuwa inangoja aseme hiyo waru inaenda wapi.

"Baba Nyokabi," akasema, "hapo kuna sukari?"

"Si ndio nakuuliza."

"Ngoja kwanza."

Nangila akasikia Waithaka akifungua kabati, mlango mmoja, halafu mwingine. Baadaye maji yakamwagwa kwa sinki.

"Nimekunywa strungi bila sukari," Waithaka akasema. "Jumapili ile nitakuja, nije wapi?"

Nangila akazungusha ile waru kwa kiganja, mara moja, mara mbili. Akairusha kwa rundo la mbegu.

"Nitakuambia," akasema.